Majivu kwenye Kizingiti cha Mama

Jirani yangu hapa Luzira, mama mmoja Mkenya anayeuza nguo za watoto, juzi alikuwa akikaanga chumvi ili amkande mama yake magoti. Harufu ikapita chini ya mlango wangu, harufu ya chumvi kavu iliyoshika moto na kitambaa cha pamba kinachoanza kuungua, nami nikajikuta nimesimama katikati ya sebule na kiatu kimoja mguuni, sikumbuki nilikuwa naenda wapi. Nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Port Bell, kazi inayowafaa watu wasiotulia, na mimi sijatulia tangu nizaliwe. Mume wangu husema hata usingizini natembea. Lakini asubuhi hiyo niliketi kwenye kochi nikanusa chumvi ya watu mpaka ikaisha, na kazini nikachelewa.

Wenzangu mliokulia Kampala kila mmoja ana asubuhi yake: mandazi kwenye mafuta, boda ya kwanza, redio ya jirani ikitangaza vifo. Asubuhi yangu ni chumvi. Tulikuwa tunakaa Nateete, nyuma ya duka la Baba la nafaka na viungo, mimi, Baba, Mama, na Bibi mzaa baba. Wazee wa Bibi walikuja zamani kutoka pwani na biashara zao, wakakaa, wakazikwa hapa hapa. Bibi mwenyewe hajawahi kuiona bahari, lakini alitusahihisha Kiswahili kana kwamba ameteremka jana kutoka Mombasa. Mama alitoka Jinja. Aliolewa akiwa na nguvu zake, wanasema, mwanamke wa kubeba madumu mawili ya maji huku anacheka. Mimi simjui huyo. Nilipoanza kupata akili nilimkuta Mama yule wa chumvi.

Mama alikuwa akiamka vipande vipande. Kwanza macho. Halafu alikaa hivyo, macho wazi, anaangalia dari, na ukimsemesha anakujibu kwa sauti ya mtu aliye mbali. Baadaye vidole: alivikunja na kuvikunjua chini ya shuka. Halafu aliniita nimletee beseni la maji ya moto, akatumbukiza mikono, kisha miguu, ndipo akajikanda mabega kwa ile chumvi iliyofungwa kwenye kitambaa. Vifungo vya sare yangu ya shule hakuviweza asubuhi. Alijaribu, vidole vikagoma, akasema, "Nenda kwa Bibi." Kwa Bibi nikafungwa vifungo mpaka shingo ikabana, pamoja na maneno.

"Mke mwenzangu," Bibi aliniambia, maana ndivyo alivyoniita kwa utani wa bibi na mjukuu, "ukiolewa, alfajiri isikukute kitandani. Usije ukanitia aibu kaburini."

Kwa Bibi, mke alipimwa kwa ufagio. Ua wetu tulishirikiana na nyumba nyingine, na adhana ya alfajiri ikimalizika tu ungesikia fagio za wanawake zikianza, kila mmoja akitaka wenzake wamsikie. Ufagio wa Mama ulisikika jua limeshatoka, tena kwa kukatika: anafagia kidogo, ananyamaza, ameshika ukuta. "Ua wa mwanangu unafagiliwa na kuku," Bibi alisema, kwa sauti ya kutosha kufika chumbani. Mama hakumjibu vibaya hata siku moja. Mara moja tu nilimsikia akisema taratibu, "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, Mama." Nikashtuka. Nilikuwa sijui kwamba ni msemo. Nilichosikia ni kaburi na maiti, vimetoka kinywani mwa mama yangu, asubuhi, kabla ya chai.

Ni lazima niseme ni wakati gani huo, la sivyo hamtanielewa. Baba alikuwa amesafiri kwenda Mombasa kufuata mzigo uliokwama, akakawia. Mama akawa analala peke yake, mimi nikalala na Bibi. Na ni katika wakati huo jirani yetu alipoliuliza swali lake.

Jirani huyo tulimwita Nalongo, kama Waganda wanavyomwita kila mama aliyezaa mapacha. Alikuwa akipika katogo, ndizi na maini, kwa ajili ya madereva wa stendi ya teksi, na aliamka mapema kuliko muadhini. Alikuwa mtu mwema. Alinipa ndizi ya moto bila kuombwa. Asubuhi moja alikuja kwenye kamba ya nguo ambako Bibi alikuwa akianika, nami nimebeba pini za nguo.

"Mama mukubwa, habali ya asubuhi?"

"Njema, Nalongo."

"Ile muke ya mutoto yako, bado narara?"

Bibi akakung'uta shuka zaidi ya ilivyohitaji. "Anaumwa."

"Naumwa nini, banange? Hana homa, hatapiki, chakula nakula. Mimi sisemi kitu, Mama. Lakini sisi Baganda, mutu akirara usiku yote na asubuhi nachoka kama alilima shamba, tunauliza: usiku alikuwa wapi?"

"Astaghfirullahi," Bibi akasema. Lakini hakumwambia anyamaze, na mimi niliona kwamba hakumwambia.

Shuleni nilimuuliza rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja, mtoto aliyejua kila kitu cha kutisha duniani. Alinieleza wakati wa uji, kwa furaha kubwa. Ni abasezi, akasema, wacheza usiku. Mtu unamwona wa kawaida mchana, jirani yako, shangazi yako. Usiku anatoka, anaacha nguo nyumbani, anakwenda makaburini kucheza, na marehemu akizikwa anamfukua. Kabla ya adhana anarudi kitandani. Mchana amechoka, hataki kuguswa, na lazima aoshe miguu mapema mtu asije akaona vumbi la makaburi.

Uji ulinishinda. Nilikaa pale na kikombe changu nikahesabu. Mama huamka amechoka. Mama huosha miguu asubuhi, kwa maji ya moto, mlango umefungwa. Ukimkumbatia ghafla anaruka, anasema, "Taratibu, mwanangu, taratibu." Na wiki hiyo hiyo nilimsikia akimwambia Baba kwenye simu, "Naamka kama mtu aliyekesha ngomani." Alisema mwenyewe! Ngoma! Mtoto anataka ushahidi gani zaidi?

Nilimpenda Mama na nilimwogopa, nikakosa raha kabisa. Sikukaa mahali pamoja. Nilikuwa naanza kuchambua maharage, naacha, natoka nje, narudi, nachungulia chumbani kwake, natoka. Mama alidhani nina minyoo akanipa dawa. Hofu yangu haikuwa kwamba atanila. Nilijua hawezi. Hofu yangu ilikuwa kwamba watu watajua, maana yule rafiki yangu alimalizia kwa kusema kwamba msezi akikamatwa hufukuzwa mtaani kwa mawe, na nyumba yake huvunjwa. Mimi nilimwona Mama, ambaye hawezi kufunga kifungo, akikimbizwa kwenye barabara ya Nateete. Angefika wapi?

Nikaamua kujua ukweli kabla hawajaujua wao. Usiku, baada ya swala ya isha, Mama alikuwa wa kwanza kulala. Nilichota majivu kwenye sigiri, jiko letu la makaa, iliyopoa, nikayapepeta kwa vidole juu ya kizingiti chake, tabaka jembamba juu ya sakafu nyekundu. Dirisha lake lilikuwa na nondo, hilo nilishalikagua. Atakayetoka atapita mlangoni, na atakayepita ataacha alama ya mguu. Alfajiri Bibi alipoamka kutia udhu nami niliruka, nikakimbia mlangoni kwa Mama kabla taa haijawashwa ukumbini, nikapiga magoti.

Majivu yalikuwa mazima. Niliyafuta kwa upindo wa gauni langu la kulalia, nikarudi kitandani. Usiku uliofuata nikayamwaga tena. Na uliofuata. Siku moja mende alikuwa amepita, nikaona njia yake ndogo. Mguu wa mtu, hakuna.

Mtadhani nilifurahi. Sikufurahi. Kama Mama haendi popote, basi kinachomchosha kiko humo humo chumbani, na hilo lilikuwa baya zaidi kwa sababu sikujua nimwage majivu wapi. Kila asubuhi alizidi kuamka kama mtu aliyetembea kwa miguu mpaka Entebbe na kurudi. Nikaendelea kumwaga majivu tu, kwa kuwa mikono yangu ilitaka kazi.

Baba alirudi, na siku chache baadaye Mjomba, kaka mkubwa wa Mama, akaja kutoka Jinja. Niliambiwa amekuja kutusalimia. Lakini mkeka mpya ulitandikwa, Bibi akavaa kanga za Idi, na mimi nikapewa sinia la kahawa nikaambiwa nipeleke na nisikae. Nilipeleka. Halafu nikasimama nyuma ya pazia, kwa sababu ndivyo nilivyo.

Bibi alisema vizuri, siwezi kumnyima hilo. "Simtukani mtoto wa watu," alimwambia Mjomba. "Hajanikosea adabu, hajanyoosha mkono kwenye kitu kisicho chake. Ila haamki. Nimechoka kumfagilia na nimechoka kumsemea. Nasema apelekwe kwao apumzike."

Mnajua maana yake. Kwetu mke akipelekwa kwao kupumzika, kitanda chake hakikai wazi muda mrefu. Hata mimi nililijua hilo, maana mke wa jirani yetu wa zamani alipumzishwa hivyo hivyo, na kabla ya mfungo tukala pilau ya harusi ya mwingine. Nilimwangalia Baba kwa upenyo wa pazia. Alikuwa anavuta uzi wa mkeka.

"Na wewe, shemeji?" Mjomba akamuuliza. "Umenyamaza."

"Tumekwenda kliniki nyingi," Baba akasema. "Kila moja inaandika malaria na taifodi. Anakunywa dawa, haponi. Sasa mimi nifanye nini?"

Mama alikuwa ameketi kwenye stuli kwa sababu mkekani asingeweza kuinuka. "Sitaki kwenda kupumzika," akasema. "Nimechoka hapa, na huko nitachoka. Tofauti ni kwamba huko sitakuwa na mwanangu."

Hapo ndipo niliposhika pazia. Nilikuwa sijafikiria kwamba mimi nitabaki. Nilidhani tutapumzishwa wote.

"Watu wanasema," Bibi akaendelea, na sauti yake ikapungua.

"Wanasema nini, Mama?" Mjomba akauliza.

"Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Halafu akamgeukia Mama, na nadhani hata yeye hakutaka kuliuliza, lakini lilikuwa limemkaa kooni tangu siku ile ya kamba ya nguo. "Mkwe wangu, mume wako hakuwapo. Tuambie mbele ya kaka yako. Usiku unakwenda wapi?"

"Haendi!" nikapiga kelele.

Sijui nilitokaje. Najua pazia lilikuja pamoja nami, na fimbo yake. Baba alisimama. Mjomba, aliyekuwa mtu mnene wa polepole, akanyoosha mkono akanivuta karibu yake kabla sijapata kofi.

"Umejuaje, mpwa wangu?"

"Namwaga majivu mlangoni kwake. Usiku, akishalala. Asubuhi nayaangalia. Hayana mguu. Na dirisha lina nondo, hawezi kupita. Haendi makaburini. Hachezi. Analala tu, anaamka amechoka."

Nje Nalongo alikuwa anaosha masufuria, na tuliyasikia yote.

Mama aliniangalia. Nilikuwa sijawahi kuangaliwa na mtu mzima namna ile, kama mtu anayenisoma. "Ulidhani mimi ni msezi?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

Akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, maana kucheka nako kulimuuma, na alipokuwa ameshika mbavu kicheko kikageuka. "Laiti," akasema huku anafuta macho kwa upindo wa mtandio. "Laiti ningekuwa nacheza! Ningejua basi ni nini kilichonichosha."

Bibi hakucheka. Alikuwa anaangalia sakafu pale kizingitini, kana kwamba majivu bado yapo. Alikuwa mwanamke mkali lakini alipenda haki, na ushahidi alioletewa ulikuwa bora kuliko uvumi wake. Nilimwona akiugeuzageuza kichwani. Mwishowe akauliza swali ambalo, kwa jinsi ninavyojua, hakuna mtu wa nyumba ile aliyekuwa amemuuliza Mama kwa nia ya kusikia jibu.

"Unaumwa wapi, binti yangu?"

"Niulize ni wapi siumwi, Mama," Mama akasema. "Itakuwa rahisi zaidi."

Mjomba alirudi Jinja peke yake. Hiyo haikuwa na maana kwamba mambo yamekwisha. Alisema atasubiri kusikia, na Bibi akasema ataamua baada ya Mama kupimwa hospitali kubwa ya mjini. Nendeni, akasema, na mimi nakwenda. Baba aliuliza kwa nini aende, njia ni ndefu na magoti yake. "Kwa sababu wewe ukirudi utaniambia malaria," Bibi akamjibu.

Kule mjini hatukupewa malaria. Nilikwenda pia, hakuna aliyethubutu kuniacha nyumbani na majivu. Daktari alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyoteleza, na alitumia muda mrefu zaidi kusikiliza kuliko kuandika. Alimbonyeza Mama kwa kidole gumba mabegani, mgongoni, nyongani, magotini, na kila alipobonyeza Mama alivuta pumzi. Halafu akauliza, "Ukiamka, unajisikia kama umelala?"

Mama akafikiri. "Tangu nimzae huyu," akasema, akinionyesha, "sijawahi kuamka nimelala."

Daktari aliutaja ugonjwa, jina refu: fibromaialjia. Akaeleza kwamba mwili wa Mama unayasikia maumivu kwa sauti kubwa kuliko miili yetu, na kwamba usingizi wake haumjazi, anaamka mtungi ukiwa mtupu. Vipimo vya damu havitauonyesha. Dawa ya kuumaliza hakuna, ila zipo za kupunguza makali, na ipo namna ya kuishi nao: asilazimishe asubuhi, ajinyooshe kidogo kila siku, na siku akijisikia vizuri asifanye kazi za wiki nzima ili kuwaonyesha watu. Hapo Mama aliinamisha kichwa. Ndivyo alivyokuwa akifanya. Siku njema moja alifua mapazia, akapika sambusa za mtaa mzima, akaosha duka, halafu akaanguka kitandani siku nyingi, na watu wakasema, mnaona, jana alikuwa mzima.

"Si uvivu?" Bibi akauliza. Aliuliza waziwazi, kama mtu anayetaka kulisikia mbele ya mashahidi.

"Si uvivu, Mama," daktari akajibu. "Mvivu hupumzika akapata nafuu."

Msinisikie mkadhani Bibi aligeuka malaika. Njiani kurudi alinuna. Jina lile hakuliweza, akaliita "ile faibro", na kwa muda alilitamka kama jina la mwanamke asiyempenda. Lakini habari ya kumpeleka Mama kwao hakuitaja tena, na kazi za nyumba zilianza kuhama. Mama akahamia jioni, wakati ambao mwili wake ulikuwa umeamka. Jioni alikanda unga, akaloweka maharage, akapanga makaa kwenye sigiri yabaki kuwashwa tu, akanipanga na mimi: sare ikaning'inizwa vifungo vikiwa vimefungwa tayari, nikawa naivaa kwa kuipitisha kichwani. Alipika ameketi. Asubuhi ikawa ya Bibi, na mlango wa chumba cha Mama ukaachwa umefungwa. Nami niliambiwa nikitaka kumwona akiamka nikae chini nitulie, na huo ulikuwa mtihani mkubwa kwangu kuliko wowote wa shule. Nilikaa. Nilikalia mikono yangu nikamtazama akikunja vidole na kuvikunjua, nikajifunza kwamba hakuna kitu kinachotokea na kwamba kile ndicho kinachotokea.

Siku moja ya likizo nilikuwa nimekaa hivyo, jua limeshafika katikati ya ua, tukasikia Nalongo anabisha hodi mlango wa mbele. Binti yake alikuwa na sherehe ya kumtambulisha mchumba, na alikuwa anakusanya wanawake wa kumenya ndizi.

"Mama mukubwa! Iko wapi muke ya mutoto yako? Namutaka kidogo."

Mama alishtuka. Alitupa shuka, akateremsha mguu mmoja sakafuni, akaanza kupapasa kanga kwenye ukingo wa kitanda, uso umekunjamana kwa maumivu, anaharakisha asikutwe. Hivyo ndivyo alivyofanya miaka yote kila mgeni alipobisha. Nilitaka kukimbia nikamwambie Nalongo kwamba Mama yuko msalani, uongo wetu wa kawaida.

"Amelala," Bibi akasema kule mlangoni.

"Narara? Mpaka saa hii?"

"Mpaka saa hii. Ukimtaka, njoo baada ya adhuhuri." Tukasikia komeo. "Na punguza sauti, Nalongo. Nimekwambia mwanangu amelala."

Mama alibaki na kanga mkononi. Kisha akairudisha mahali pake, akainua mguu wake taratibu, akaurudisha kitandani.